Msanii wa Chuo Aulizwe Kazi, Asiulizwe Wasifu

Mahojiano mengi na wasanii wa vyuo vikuu vyetu yanafanana mno. Ulianza sanaa lini? Nani alikuvutia? Unakutana na changamoto gani? Unawezaje kuchanganya masomo na sanaa? Una neno gani kwa vijana wenzako? Msanii naye anayajua majibu kabla hajaketi. Alianza utotoni kwenye kwaya au kaswida, mama alimuunga mkono, baba alichelewa kuelewa, changamoto ni fedha na vifaa, vijana wasikate tamaa. Picha inapigwa, watu wanaagana, na aliyesoma mahojiano hayo mwanzo hadi mwisho hapati hata neno moja juu ya igizo, ngoma au mchoro uliosababisha kijana huyo atafutwe.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu chuo kikuu ni miongoni mwa sehemu chache sana ambako mtu anapewa miaka mitatu ya kujifunza namna sanaa inavyofanywa, akiwa na mwalimu pembeni wa kumbana: kwa nini hivi, kwa nini si vile? Msanii wa kibiashara anauza sura na maisha yake pamoja na nyimbo zake, na anayemhoji juu ya maisha hayo anamsaidia kuuza. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho ana kitu kingine mkononi. Ana maamuzi. Kila dakika ya igizo lake ni uamuzi uliobishaniwa mazoezini, ukajaribiwa, ukatupwa au ukabaki. Maamuzi hayo ndiyo elimu yake, na karibu yote hayaandikwi popote. Yanakaa kichwani mwake na vichwani mwa wenzake mpaka wanapomaliza chuo na kutawanyika.

Chukua mfano mmoja. Baada ya igizo la mtihani wa vitendo nilikaa kwenye ngazi za ukumbi na msichana aliyeliongoza. Lilikuwa igizo la familia ambayo kijana wao amefukiwa na kifusi machimboni. Habari inaletwa nyumbani, mama yuko uani anachambua mchele kwenye ungo. Anapoambiwa, anatupa mgongo sisi tuliokaa ukumbini na kuendelea kuchambua. Halafu anaanza kupepeta, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, mpaka mchele wote uko chini. Hasemi kitu. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba punje tulizisikia zikidondoka sakafuni.

Nikamuuliza swali moja tu: kwa nini mama alitugeuzia mgongo?

"Walikuwa wanacheka, kaka," akaniambia.

Mwanzoni mama alilia akiwatazama watazamaji, kama ilivyoandikwa kwenye mswada. Wanafunzi waliokuja kuangalia mazoezi wakaangua kicheko. Mwigizaji akaongeza uchungu, nao wakaongeza kicheko. Yeyote aliyezoea kumbi za maonyesho za Dar es Salaam anakijua kicheko hiki. Watu wanacheka pale panapouma zaidi, wala hawana dharau. Wakajaribu kupunguza taa, wakachekwa gizani. Wakamsogeza mama nyuma kabisa ya jukwaa, wakachekwa vilevile. Ndipo mwongozaji akamgeuza. Kicheko kikafa, lakini likazuka jambo jingine: sauti ya mtu aliyekupa mgongo haifiki viti vya nyuma, na mama alikuwa na maneno ya karibu ukurasa mzima. Hapo aliyeleta ufumbuzi ni mwigizaji mwenyewe. Alisema kwamba mama mtu mzima akipokea habari kama ile mbele ya watoto hasemi, anatafuta kazi ya mikono. Ukurasa mzima ukafutwa. Ungo ukaletwa kutoka nyumbani kwa mmoja wao, maana ule ulionunuliwa dukani ulikuwa mpya mno na haukutoa sauti waliyoitaka.

Huo ni utafiti kamili. Kuna tatizo, kuna majaribio kadhaa, kuna matokeo ya kila jaribio, na kuna ugunduzi juu ya hadhira ya Kitanzania ambao mwongozaji yeyote wa jukwaa au filamu angefaidika kuujua. Nikaomba kuisoma ripoti aliyowasilisha pamoja na igizo. Ilikuwa ripoti nzuri ya Kiingereza, yenye nadharia za Brecht na Stanislavski, magwiji wa maigizo wa Ulaya, yenye dhamira na uchambuzi wa wahusika. Kicheko hakimo. Ungo haumo. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa unyenyekevu kwamba aliona mambo yale si ya kitaaluma.

Simlaumu hata kidogo. Alifanya alichofundishwa. Mazoezi ya igizo lile yalifanyika kwa Kiswahili, mabishano yalikuwa ya Kiswahili, utani na hasira za saa nne usiku zilikuwa za Kiswahili, na mama wa igizo ni mama wa uani kwetu. Ripoti ikadaiwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia na kutahinia vyuo vikuu vya Tanzania katika masomo mengi. Katika kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, mwanafunzi anabeba kile chenye maneno tayari vitabuni, na alichokigundua mwenyewe anakiacha ng'ambo. Ndiyo maana nashikilia kwamba mazungumzo ya ana kwa ana na msanii wa chuo, kwa lugha aliyofanyia kazi, ni sehemu ya kazi yenyewe. Pasipo mazungumzo hayo tunabaki na mswada, picha chache za simu na alama ya mtihani.

Mchoraji ana nafuu kidogo. Turubai lake linabaki, na mtu atakayekuja baada ya miaka 50 anaweza kusimama mbele yake akaona rangi ilivyowekwa. Mwigizaji, mpiga ngoma na mchezaji hawana bahati hiyo. Kazi yao inakwisha taa zinapozimwa. Hata video haitoshi, kwa sababu video inaonyesha kilichofanyika bila kuonyesha vile vilivyokataliwa, na sababu za kuvikataa.

Wapiga ngoma ndio walionifundisha jambo hili vizuri zaidi. Katika onyesho moja la chuo, lililofanyika jioni ya masika kwenye jukwaa la wazi, zilianza ngoma za kasi na shangwe, zikafuata za polepole, na mwisho ikaja ngoma nzito ya msiba. Mtazamaji wa kawaida, na mchambuzi pia, angesema mpangilio ule ulikuwa safari kutoka furaha kwenda huzuni. Fundi wa ngoma alinieleza tofauti kabisa. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika imejaa unyevu, na ngozi ya ngoma inaunywa unyevu huo na kulegea. Chapuo, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, ndiyo ya kwanza kupoteza sauti yake. Kwa kawaida ngoma hupashwa moto ngozi ikaze, lakini pale waliambiwa wasiwashe moto popote karibu na jukwaa. Basi akaziweka mwanzo ngoma zote zinazotegemea chapuo, wakati ngozi bado zina joto la jua la mchana, na mwisho akaiweka ile inayobebwa na vumi na msondo, ambazo zinavumilia kulegea kidogo. Mpangilio uliotuliza mioyo yetu ulitokana na ngozi ya mbuzi na kanuni ya zimamoto.

Je, maana ya huzuni haikuwepo? Ilikuwepo, tuliihisi wote. Fundi mwenyewe alikiri kwamba baada ya kulazimika kupanga vile, alisikiliza, akaona pameingia jambo zuri, akaliacha na kulisisitiza. Ndivyo sanaa inavyofanyika mara nyingi. Unyevu wa hewa unamfungia msanii mlango mmoja, naye anatafuta mwingine. Mhojaji aliyeuliza "ulipata wapi msukumo?" asingelipata jibu lile hata wangekaa mpaka asubuhi. Lilitoka kwa sababu ya swali dogo: kwa nini chapuo hazikusikika tena baada ya nusu ya onyesho?

Haya si mageni katika historia yetu. Idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Swali lililowakabili watu wa mwanzo lilikuwa la kiutendaji mno: tuigize vipi, tusiwe tunaiga jukwaa la Waingereza? Waliochipuka katika mazingira hayo, waandishi wa tamthilia kina Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba, walilijibu kila mmoja kwa njia yake, kwa kuchota katika hadithi, ngoma, ngano na majigambo.

Katika miaka ya 1980 walimu wa idara hiyo walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1982 hadi 1983 walifanya mradi wa sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo kule Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo lililokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakazungumza nao juu ya matatizo yao, likiwemo la wasichana kupata mimba na vijana kukosa shughuli. Igizo na ngoma vikaundwa na wenyeji wenyewe, vikaonyeshwa, na baada ya onyesho watu wakabaki kujadili. Majadiliano yale hayakuwa nyongeza. Bila hayo mradi usingekuwa umekamilika. Mtindo huohuo ulirudi mwaka 1996 katika Tuseme, mradi uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuchunguza matatizo yao ya shule, kuyaigiza na kuyazungumza mbele ya walimu wao.

Malya tunaijua leo kwa sababu Penina Muhando, kwa jina la Penina Mlama, aliandika juu ya kazi hiyo katika kitabu kilichochapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 1991. Aliandika kwa kina jinsi kazi ilivyokwenda, pamoja na palipokwama. Jiulize ni miradi mingapi ya wakati ule haikupata mwandishi. Jiulize pia juu ya makundi ya maonyesho ya kusafiri, lile la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, lililoanza mwaka 1965 na lile la Chuo Kikuu cha Nairobi la mwaka 1974. Wanafunzi walipakia maleba, yaani mavazi ya jukwaani, kwenye magari, wakaigiza mashuleni na kwenye viwanja vya wazi. Njia walizopita na majina ya michezo yao yanapatikana. Lakini mwigizaji alifanyaje kusikika uwanjani bila kipaza sauti, upepo ukivuma na watoto wakilia? Walibadilisha nini walipotoka kwa wasomi kwenda kwa wakulima? Ujuzi huo ulikuwepo, ulikuwa hai, na kila kizazi cha wanafunzi kinaanza tena kuutafuta kwa shida.

Kijiji cha Kamiriithu, kule Limuru, Kenya, kinaonyesha upande mwingine wa mambo. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuweka mswada wa Ngaahika Ndeenda, tamthilia yao ya Kigikuyu, mbele ya wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanyika hadharani. Yeyote aliyepita aliruhusiwa kusimama na kusema hapa mmekosea. Wazee walisahihisha lugha, watu wa kiwandani wakaeleza jinsi jasho lao lilivyokokotolewa kuwa ujira. Mswada ukabadilika mikononi mwa watu. Onyesho lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba, serikali ikalipiga marufuku katikati ya Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982 kikundi kilipojaribu mchezo mwingine, kilifungiwa milango ya ukumbi wa taifa, mazoezi yakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, na umati ukamiminika kuyatazama mazoezi hayo kana kwamba ndiyo onyesho. Baadaye mwaka huo ukumbi wa wazi ambao wanakijiji walijijengea kwa mikono yao ukabomolewa.

Naitaja Kamiriithu kwa sababu mbili. Kwanza, inathibitisha kwamba mazungumzo juu ya ufundi wa kazi, neno hili liwe hivi na kofia ile iwe vile, yana uzito wa kisiasa kuliko hotuba. Mamlaka ya wakati ule yalilielewa hilo vizuri. Pili, inaeleza kwa nini baadhi ya wasanii wa vyuo, hadi leo, hunyamaza ukiwauliza kwa undani. Wanajua kwamba ukieleza kwa nini mfalme wa igizo lako alivaa miwani ya jua, umeshaeleza mfalme huyo ni nani. Mhojaji mwenye adabu lazima ajue wakati wa kuzima kinasa sauti, na wakati wa kuuliza juu ya kitambaa cha vazi bila kuuliza juu ya mvaaji.

Wapo wanaosema kazi ya sanaa ijisemee, msanii asitafune chakula kwa niaba ya mlaji. Nakubaliana nao kuhusu maana. Sitaki mwigizaji aniambie ungo unamaanisha nini. Hilo ni langu. Ila jinsi ungo ulivyofika jukwaani silioni mahali pengine popote isipokuwa kinywani mwake. Ebrahim Hussein amejiweka mbali na majukwaa na mahojiano kwa miaka mingi, na hiyo ni haki yake isiyojadiliwa. Kazi zake zinasomwa, na zinajitosheleza. Lakini igizo halikuwahi kuwa la mtu mmoja. Palikuwa na walioigiza, waliopiga ngoma, walioshona maleba, waliowasha taa. Hao hatujawauliza, na wengi wangefurahi kuulizwa.

Hapa ndipo napowageukia walimu wa vyuo, nao wana mzigo wao. Mhadhiri anayeongoza igizo kwa muhula mzima anaweza kujikuta, wakati wa kupandishwa cheo, anahesabiwa makala za majarida huku jasho la ukumbini likionekana kama burudani ya jioni. Basi naye anamalizia mazoezi haraka akaandike makala. Mazungumzo mazuri yaliyorekodiwa, yakahaririwa na kuhifadhiwa maktaba, yangeweza kuwa ushahidi wa utafiti anaoufanya kwa mwili na sauti. Nasisitiza yahaririwe. Saa mbili za sauti zisizo na mpangilio hazimsaidii mtu.

Ningependa kila igizo au onyesho la mwaka wa mwisho liambatane na mazungumzo ya nusu saa, yafanyike ndani ya wiki moja, kabla watu hawajaanza kukumbuka kwa namna inayowapendeza. Asihojiwe mwongozaji peke yake. Aletwe mwigizaji mmoja, na mmoja wa wale wasioonekana: fundi taa, mpiga ngoma, mshona maleba. Wazungumze kwa lugha waliyofanyia mazoezi. Anayeuliza awe ameliona onyesho, maana nimeshuhudia mahojiano ambayo mwuliza maswali hakuwa ameliona, na dakika kumi za mwanzo zinaishia kwenye kusimulia hadithi. Aanze na kitu kimoja alichokiona kwa macho yake: kiti kilichohama, wimbo uliokatwa katikati, mtu aliyegeuka. Aulize kipi kilijaribiwa kikashindikana. Simu ya kurekodia kila mwanafunzi anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba jambo hili lina thamani, na rafu ya kulihifadhi. Haki ya mwanafunzi kukataa, au kuomba sehemu fulani isitolewe, iandikwe tangu mwanzo.

Na wakati vijana wakianza kurekodiana, kuna kazi isiyoweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Mtu aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 22 idara ilipoanza mwaka 1967 sasa amekaribia au amevuka miaka 80. Wengine tumeshawazika. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, juu ya kiongozi wa Vita vya Maji Maji, iliyochapishwa mwaka 1969, imefundishwa mashuleni kwa vizazi, na kila aliyeisoma anajua kwamba Kinjeketile anazama mtoni na kutoka akiwa mkavu. Waliowahi kuicheza miaka ile ya mwanzo waulizwe walimzamishaje mtu jukwaani pasipo na maji, ngoma gani ilipigwa alipopandwa na pepo, nani aliipiga, na watazamaji walikaa upande gani.